Kaka anataka kumnunulia mama glavu ya roboti: je, mkono utarudi?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 56, tunaishi Ujiji. Alipata kiharusi miezi saba iliyopita, upande wote wa kulia ukapooza. Namshukuru Mungu sasa anatembea kwa fimbo na anaongea vizuri, ila mkono wa kulia bado. Vidole anakunja, lakini kuvifungua hawezi mpaka avifungue kwa mkono wa kushoto. Kiganja akijitahidi kinanyanyuka kidogo. Bega linamuuma, hasa usiku. Tunamminyisha mpira wa tenisi asubuhi na jioni, na jirani alitufungia kamba kwenye tawi la mwembe, mkono mzima unavuta ule mgonjwa kwenda juu. Kabla ya kuugua alikuwa anauza mawese na dagaa. Kaka yangu aliyeko Dar ameona mtandaoni glavu ya roboti inayofungua na kufunga vidole, shilingi 480,000, na muuzaji anasema inarudisha mkono ndani ya miezi mitatu. Wengine wanatuambia ikishapita miezi sita ubongo umeshafunga, tusipoteze hela. Tufanyeje?"*

Marahaba. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, lakini jina hilo nimeshalizoea. Ukivaa koti jeupe huku kwetu umeshakuwa daktari. Nikikuelewa, una maswali mawili: kama muda umeshapita, na kama hizo laki nne na themanini ziende kwenye glavu. Muda haujapita. Na glavu, kwa hali uliyoieleza, mimi nisingeinunua sasa hivi. Nitakueleza kwa nini, maana sababu yenyewe itawasaidia kupima kila kifaa kingine mtakachoonyeshwa baada ya hiki.

Ila kabla ya yote, teremsheni ile kamba ya mwembeni. Leo.

Bega si kama nyonga, ambako mfupa umezama ndani ya kikombe kirefu. Bega linashikiliwa na misuli. Misuli ikipooza, mfupa wa mkono hushuka kidogo kutoka mahali pake. Mkalishe mama bila kumwegemeza mkono, papasa chini kidogo ya ncha ya bega, halafu linganisha na upande mzima. Usishangae ukikuta kibonde kinachoingia kidole. Sasa mkono ulio katika hali hiyo ukivutwa juu kwa kamba, lile bapa la mfupa lililo nyuma ya bega haligeuki kufuatana nao, na nyama laini za juu zinabanwa katikati ya mifupa. Anapata maumivu usiku, kwa sababu ya maumivu anaubana mkono kifuani, na kadiri anavyoubana ndivyo bega linavyokakamaa. Kuna utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 1990 uliolinganisha njia za kunyoosha bega baada ya kiharusi, na zaidi ya nusu ya waliotumia kamba ya kuvuta juu walipata maumivu. Jirani yenu alikuwa na nia njema kabisa, mshukuruni, lakini kamba ishuke.

Badala yake, akikaa, mkono ulale juu ya mto au meza, usining'inie. Akilala chali, wekeni mto chini ya mkono kuanzia begani. Mtu yeyote asimnyanyue kwa kumshika kwapani wala kumvuta mkono, hata wajukuu wanaomsaidia kuamka mkekani. Kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni kinafaa anapotembea tu. Akikivaa kutwa nzima mkono utakaa umejikunja hivyo hivyo mpaka uzoee.

Tuje kwenye miezi saba. Kiharusi kimeua sehemu ya ubongo wake upande wa kushoto, ule unaoendesha mkono wa kulia. Chembe zilizokufa hazioti tena, na yeyote anayewauzia kirutubisho cha kuziotesha anawauzia maji. Kinachotokea ni kwamba chembe zilizobaki, za jirani na za mbali, zinajenga miunganisho mipya na kuchukua sehemu ya kazi. Katika wiki za mwanzo hilo huenda kwa kasi, kwa sababu ubongo wenyewe uko katika hali ya kujitengeneza, na ndiyo maana nafuu kubwa inayoonekana kwa macho huja ndani ya miezi mitatu hivi. Huko ndiko lilikotokea neno la miezi sita. Watu waliona kasi imepungua wakasema mlango umefungwa. Haujafungwa. Baada ya hapo nafuu inategemea kujifunza, na ubongo wa mtu mzima unajifunza mpaka uzeeni, ila kwa jasho zaidi na kwa hatua ndogo zaidi.

Mfano ninaoupenda ni utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wenye wagonjwa 222. Wote walikuwa kati ya miezi mitatu na tisa baada ya kiharusi, yaani mama yako angeingia humo. Mkono wao usiougua ulivalishwa glavu nene sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili, ili mkono mgonjwa usiwe na pa kukimbilia, huku wakifanyishwa kazi za mkono kwa saa nyingi. Walipolinganishwa na waliopata huduma za kawaida, mikono yao ilifanya kazi vizuri zaidi, na tofauti hiyo ilikuwapo hata baada ya mwaka. Lakini angalia sharti la kuingia: mgonjwa alitakiwa aweze angalau kuinua kifundo cha mkono kidogo na kunyoosha kidogo kidole gumba na vidole vingine viwili. Mkono usio na dalili yoyote haukuchukuliwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mama yako ni kiasi gani cha kufungua kilichobaki. Mkalishe mezani, mkono umelala, kiganja kikiwa kimepita ukingo wa meza na kuning'inia. Mwambie anyanyue kiganja bila kuinua kiwiko. Umesema kinanyanyuka kidogo. Vizuri sana, hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote kwenye barua yako. Kisha mpe kipande cha khanga kuukuu, akikamate kwa namna yoyote anayoweza, akiinue, halafu akiachie. Usimsaidie. Mpe muda, hata nusu dakika. Akiweza kuachia, hata kwa kukikung'uta, kuna kitu cha kufanyia kazi.

Kwa nini kukunja kumerudi na kufungua hakujarudi? Njia kuu ya neva inayotoka juu ya ubongo kwenda mkononi, ile yenye ustadi wa kutenganisha kidole kimoja na kingine, ndiyo iliyoumia. Njia za zamani zaidi, zinazopita kwenye shina la ubongo, zinajaribu kuziba pengo, lakini hizo zinaegemea zaidi misuli ya kukunja. Ongeza na misuli yenyewe kukaza baada ya kiharusi, unapata ngumi inayofunga kirahisi na kukataa kufunguka. Sasa fikiria mpira wa tenisi: asubuhi na jioni mnazoesha kile ambacho tayari anakiweza. Sisemi mpira umemdhuru, ila muda huo ungetumika kufungua. Uwekeni kando. Kikombe cha plastiki kinachomlazimu kufungua kiganja kabla ya kukishika kinafaa kuliko mpira, na akishakishika jambo la kuhesabu ni kuachia.

Glavu sasa. Hizi zinazouzwa mtandaoni nyingi zina pampu ndogo ya hewa na mirija iliyopita juu ya vidole. Hewa ikiingia vidole vinanyooka, ikivutwa vinakunjika. Ukiitazama kwenye video unashangaa, mkono wa mgonjwa unacheza kama wa mtu mzima. Tatizo ni kwamba anayecheza ni pampu. Abiria wa mtumbwi, hata avushwe mara mia kutoka bandari ya Kibirizi, hajifunzi kupiga kasia. Ubongo unajenga njia mpya pale mwenye mkono anapoamuru, anapojaribu, anapokosea, anapoona matokeo na kujaribu tena. Vidole vikipelekwa tu wakati yeye anaangalia runinga, vitabaki laini, na hilo si jambo dogo kwa mkono unaokakamaa, lakini si kurudi kwa mkono.

Na si kwamba nawabania roboti. Uingereza ilichapisha mwaka 2019 utafiti wa watu 770. Kundi moja lilifanyishwa mazoezi kwa roboti ya hospitali, mashine ya fedha nyingi inayosimamiwa na wataalamu, dakika 45 mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Uwezo wa kutumia mkono haukuwa bora kuliko wa waliopata huduma ya kawaida. Niwe mkweli zaidi: hata kundi lililopewa mazoezi ya ziada ya mikono na wataalamu, bila roboti, halikushinda kwenye kipimo hicho kikuu. Tafiti nyingine ndogo zikijumlishwa zinaonyesha roboti inaongeza nguvu na uwezo kidogo, lakini kama hicho "kidogo" mama atakiona anapofunga khanga yake, hapo ndipo watafiti wenyewe wanasita. Anayewaahidi miezi mitatu anajua jambo ambalo watu hao wote hawalijui.

Je, glavu haina mgonjwa wa kumfaa? Anaye. Kama kaka ameshalipa, msigombane, itumieni hivi. Nyingi zina hali ya kioo: mkono mzima unavaa glavu nyingine yenye vihisio, ukifunguka nao mgonjwa unafunguliwa. Tumieni hiyo, siyo ile ya kujiendesha yenyewe. Mama aangalie mkono wake, ajaribu kwanza kufungua kwa nguvu zake, pampu imalizie. Dakika ishirini zinatosha, kisha mvueni na hapo hapo apewe kitu cha kushika na kuachia kwa mkono mtupu. Kagueni ngozi kila baada ya kuvua, hasa kwenye vifundo vya vidole. Na vidole vikiwa vimekaza kiasi kwamba wewe mwenyewe unahangaika kuvinyoosha, msiilazimishe mashine.

Kama kuna kifaa cha umeme ambacho ningekipa nafasi kabla ya glavu, ni mashine ndogo ya kushtua misuli. Sahani mbili zenye gundi zinabandikwa upande wa juu wa kigasha, yaani upande wa nyuma ya mkono chini ya kiwiko, ilipo misuli ya kufungua vidole na kuinua kiganja. Umeme kidogo unapita, misuli inajikaza, kiganja kinanyanyuka. Tofauti yake na pampu ni kwamba hapa misuli yake mwenyewe ndiyo inayofanya kazi, na akijaribu kufungua sambamba na umeme, ubongo unapata amri na matokeo kwa wakati mmoja. Ushahidi wake si wa ajabu, lakini ukichanganywa na mazoezi ya kazi halisi unaelekea upande mzuri. Mjihadhari kununua mashine za kutuliza maumivu zinazouzwa kwa jina linalofanana. Dalili yake ni rahisi: kama anasikia kutekenywa tu na kiganja hakinyanyuki, ama sahani zimekaa vibaya ama mashine si yenyewe. Na msiitumie kabisa bila kuuliza hospitalini kama ana betri ya moyo, kama amewahi kuanguka kifafa baada ya kiharusi, kama kuna kidonda mahali pa kubandika, au kama mkono umekufa ganzi hasikii mtu akimgusa.

Pale hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, Maweni, ulizieni kitengo cha fiziotherapia. Mwombe mtaalamu atafute mahali sahihi pa kubandika sahani kisha achore duara kwa kalamu ya wino kwenye ngozi, nawe upige picha kwa simu. Safari moja ya namna hiyo inaokoa wiki za kubahatisha nyumbani.

Halafu kuna kifaa ambacho hakihitaji umeme wa kukatika wala hela ya Dar: kioo. Nendeni kwa fundi vioo akate kipande cha upana wa karatasi mbili za daftari kubwa, asage kingo au azizungushie utepe wa gundi zisikate. Mama akae mezani, kioo kisimame wima katikati ya kifua chake, uso unaong'aa ukitazama mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unakaa nyuma ya kioo, hauonekani. Akiinamisha kichwa kuangalia kioo, anaona mikono miwili na yote mizima. Sasa afungue na kufunga mkono wa kushoto taratibu, akiangalia kioo tu, huku ule uliofichwa nao ukijaribu kufuata kadiri unavyoweza. Ageuze kiganja juu na chini. Aguse gumba kwa kila kidole. Siku za kwanza wengine husikia kichefuchefu au kuchekacheka, hupita. Wazo hili lilianzia miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa mkono na bado wakasikia maumivu kwenye mkono usiokuwapo, na leo tafiti zaidi ya sitini za wagonjwa wa kiharusi zinaonyesha linasaidia mwendo wa mkono. Nusu saa kwa siku, kwa mwezi angalau. Mkishindwa, haitakuwa kwa sababu ya kioo bali kwa kuchoka wiki ya pili.

Na michezo ya kwenye skrini, maana najua itafuata? Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa watu 141 uliolinganisha mchezo wa video wa kuchezea mikono na burudani za kawaida kama karata na michezo ya mpira. Matokeo yalikuwa sawasawa. Nilipousoma nilifikiria bao. Kuokota kete shimoni kwa vidole vitatu, kuzishika kiganjani bila kuziangusha, kisha kuachia moja moja kila shimo: ukinilipa nibuni zoezi la vidole nisingebuni bora kuliko hilo. Kwa mama yako ni mapema kidogo, aanze na mashimo makubwa na vitu vikubwa kuliko kete, vizibo vya chupa kwa mfano. Kazi zake mwenyewe ziwe mazoezi: kushikilia chupa ya mawese kwa mkono wa kulia wakati wa kushoto unafungua kifuniko, kusukuma dagaa wakavu kwenye ungo kwa kiganja kilichofunguliwa, kukunja khanga kwa mikono miwili, kupeleka kikombe upande wa pili wa meza na kukiachia. Maji ya moto na mafuta jikoni asivikaribie kwa mkono huo mpaka ipimwe kama unasikia joto. Nimeona malengelenge ya watu waliokandwa kwa maji ya moto bila kusikia.

Wingi ndio dawa, na hapa ndipo simu yenu inapoingia. Katika kikao cha kawaida cha hospitali mgonjwa hurudia mwendo wa mkono mara thelathini hivi, wakati mkono unahitaji mamia kwa siku. Weka saa ya simu dakika kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku, hesabuni kila jaribio kwa sauti. Kila Jumapili mpige video ya dakika moja, meza ile ile, kazi ile ile. Macho ya nyumbani hayaoni nafuu ya polepole, na pia hayaoni kukwama. Video inaona vyote viwili, na mtaalamu anaweza kuitazama kwa WhatsApp bila ninyi kupanda gari.

Ukiniuliza mimi ningezigawaje hizo laki nne na themanini: nauli na malipo ya fiziotherapia ya miezi miwili kwanza, mashine ya kupimia presha ya nyumbani, kioo, na kitakachobaki mashine ndogo ya kushtua misuli baada ya mtaalamu kusema inamfaa. Mwambieni kaka asiudhike, mchango wake unafanya kazi ile ile aliyoikusudia.

Siwezi kukuahidi kwamba atamimina tena mawese kwa mkono wa kulia kama zamani. Kwa dalili ulizonipa naona uwezekano wa mkono msaidizi: unaoshikilia, unaoegemeza, unaofunguka ukiamriwa. Zaidi ya hapo ikija tutashukuru. Na kama baada ya wiki nane za kazi ya kweli hakuna kilichobadilika kwenye video, rudini kwa mtaalamu mbadilishe mpango, msiongeze kelele kwa mama.

Mpelekeni Maweni wiki hii kwa ajili ya bega, hilo halisubiri. Mpelekeni pia mkono ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto na unauma hata ukiguswa kwa nguo. Vidole vikikaza mpaka kucha zinachimba kiganja au kiganja kinaanza kunuka, kwa sababu ziko dawa na sindano za kulegeza misuli ambazo daktari anaweza kuwaelekeza hospitali ya kuzipata. Au akiwa mkimya, analia, hataki kula wala kujaribu, maana huzuni baada ya kiharusi ni ugonjwa unaotibika na si uvivu. Dawa za presha asiache hata vipimo vikiwa vizuri. Viko vizuri kwa sababu anazinywa. Pimeni nyumbani na muandike, na vikizidi 140 juu ya 90 siku baada ya siku, daftari hilo lionyesheni kliniki. Na mdomo ukipinda ghafla, maneno yakivurugika, au mkono au mguu wa upande usiougua ukilegea, msimkande wala msimnyweshe kitu. Tafuteni usafiri saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na muandike saa dalili zilipoanza, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza watakalowauliza.